Kutoka Bamba hadi Bungale: Kifo cha Mekatilili na Kumbukumbu ya Vita vya Wagiriama

Viongozi wengi walioongoza vita dhidi ya wakoloni Afrika Mashariki hukumbukwa kwanza kwa namna walivyokufa. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asije akaangukia mikononi mwa Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza imewaka. Koitalel arap Samoei wa Wanandi alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen mnamo Oktoba mwaka huohuo, katika mkutano ulioitwa wa amani. Dedan Kimathi wa Mau Mau alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913 na 1914, haingii katika safu hiyo. Alikamatwa, akahamishwa, akatoroka, akakamatwa tena, akarudi nyumbani, akazeeka, akafa kifo cha kawaida katikati ya miaka ya 1920 na kuzikwa na watu wake. Habari zake zimetawanyika kati ya Ganze alikozaliwa na Magarini alikozikwa, na anayezifuata kwa njia ya nchi kavu hupita karibu nchi yote iliyopiganiwa.

Njia ya Ganze huachana na barabara kuu ya Mombasa na Malindi mjini Kilifi, ikapanda kuelekea bara. Minazi na mikorosho hupungua kila kilomita. Mibuyu inaanza, kisha vichaka vya miiba, kisha mashamba ya mahindi ambayo mvua ikikosa basi na chakula kimekosa. Ganze, Jaribuni, Sokoke na Bamba ndizo kata za eneo bunge la Ganze, na ukame umekuwa mgeni wa mara kwa mara katika zote. Mutsara wa Tsatsu, anakotajwa kuzaliwa Mnyazi wa Menza, yaani Mekatilili kabla hajazaa na kuitwa jina hilo, ni upande wa Bamba. Siku ya soko Bamba huwa ni mbuzi, ng'ombe, magunia ya makaa na vumbi. Msafiri asiyeuliza atapita bila kujua kwamba hapa ndipo ilipoanza habari ya mwanamke ambaye bustani moja ya Malindi ina jina lake. Nilipouliza, jibu lilikuja upesi, ila si kuhusu kifo. Nilisimuliwa habari ya kuku.

Kuku huyo anahitaji maelezo, na maelezo yenyewe yanaanzia kwenye nafaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wagiriama hawakuwa na haja kubwa ya mshahara wa mzungu. Walilima mahindi ya kutosha kula na kuuza, hasa katika ardhi nzuri ya kaskazini ya mto Sabaki, na wafanyabiashara wa pwani walinunua mavuno yao. Mashamba makubwa ya walowezi pwani, ya mpira, pamba na mkonge, yalikosa vibarua. Serikali ya Waingereza ikaona dawa ni kuwabana Wagiriama: kodi ya nyumba ikusanywe kwa ukali, vijana wapelekwe mashambani, na wakulima wa ng'ambo ya Sabaki wahamishwe. Mwaka 1912 afisa kijana, Arthur Champion, alipewa kazi ya kuitawala nchi hiyo kwa karibu zaidi kuliko ilivyowahi kutawaliwa.

Mekatilili wakati huo alikuwa mjane, mtu mzima, asiye na cheo chochote katika mpangilio wa serikali. Simulizi zinaongeza kwamba akiwa msichana alishuhudia kaka yake akinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, na kwamba habari za vijana kuchukuliwa zilimchoma kwa sababu hiyo. Silaha yake ya kwanza ilikuwa kifudu, ngoma inayochezwa matangani. Alikwenda kijiji kwa kijiji akiicheza, watu wakamfuata, na palipojaa watu akahutubia. Hapa pana jambo ambalo waandishi wengi hulitaja kwa haraka mno. Ngoma ya wafu ndiyo iliyokusanya jeshi. Katika nchi ambako serikali ingeweza kuutilia shaka mkutano wowote wa siasa, hakuna afisa ambaye angeweza kuwazuia watu kumlilia maiti wao, na pengine hakuna aliyeelewa tofauti.

Katikati ya mwaka 1913 watu walikutana Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, yaani makao yao matakatifu, upande wa Kaloleni. Akishirikiana na mzee Wanje wa Mwadorikola, Mekatilili aliwalisha watu viapo viwili, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba hakuna atakayelipa kodi wala kumtoa kijana kwa kazi ya mzungu. Viapo vilishika. Wazee waliokuwa wameteuliwa na serikali wakaogopa kuitumikia.

Agosti mwaka huo Champion aliitisha baraza, na hapo ndipo anapoingia kuku. Inasimuliwa kwamba Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga, akamwambia afisa ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Mama kuku akamrukia. Hivyo ndivyo mtakavyofanywa mkija kuchukua watoto wetu, ikawa ndiyo maana ya mchezo ule. Masimulizi mengine yanaongeza kofi alilomzaba Champion mbele ya watu. Kofi hilo huenda lilikuwepo na huenda liliongezwa na wasimuliaji, lakini kuku anatosha. Tukio zima linaweza kusimuliwa na mtoto wa miaka sita kwa dakika mbili, na ndiyo sababu limedumu Bamba.

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa na kupelekwa Kisii, magharibi ya Kenya. Januari 1914 walitoroka. Kutoka Kisii hadi nchi ya Wagiriama ni zaidi ya kilomita 600 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na hakuna mtu atembeaye kwa mstari ulionyooka. Walipita nchi za watu ambao hawakujua lugha zao, katika mbuga za simba, na wakafika. Kufika kwao kulikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote. Agosti 1914, siku zilezile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama walinyanyuka, na askari wa King's African Rifles wakaletwa. Nyumba zilichomwa kwa maelfu, mifugo ikatekwa, watu wakauawa. Mekatilili na Wanje walitiwa mbaroni tena na kupelekwa mbali. Wagiriama wakatozwa faini nzito, wakatakiwa kutoa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya kumfukuza Mjerumani Tanganyika, na wale wa ng'ambo ya Sabaki wakaamriwa kuhama.

Kwa hesabu ya medani Wagiriama walishindwa. Yaliyofuata ndiyo yanayoivuruga hesabu hiyo. Usimamizi wa amri ya Sabaki ulikuwa ghali na mgumu, na vita vya dunia vilipokwisha serikali ililegea. Watu walirudi kaskazini ya mto, na kaya ikaruhusiwa kufunguliwa. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliachiliwa wakarudi. Wanje aliongoza baraza la wanaume wa kaya, Mekatilili baraza la wanawake. Aliishi miaka kama mitano zaidi. Mwaka unaotajwa sana wa kifo chake ni 1924, ingawa wapo wanaosema 1925.

Tofauti hiyo ya mwaka mmoja si uzembe wa wanahistoria. Mtu anayenyongwa na serikali hufa na jalada. Kesi ya Kimathi ilikuwa na hati ya mashtaka, ushahidi, tafsiri ya mahakamani, hukumu na rufaa, na karatasi hizo zilipopatikana zilitosha kuchapishwa kuwa kitabu kizima mwaka 2017. Siku na mahali pa kifo chake vimeandikwa na waliomuua. Mekatilili aliandikwa na serikali wakati alipoisumbua. Alipoacha kuisumbua, kalamu ilisimama. Mwanamke mzee anayefariki kijijini mwaka 1924 hakuwa habari ya kupelekwa Mombasa. Kwa hiyo miaka miwili ya maisha yake, 1913 na 1914, inajulikana karibu mwezi kwa mwezi, na miaka mingine sitini au zaidi imeachiwa simulizi. Champion kwa upande wake aliishi akaandika kitabu kuhusu mila za Wagiriama, kilichochapishwa mwaka 1967, na bado kinasomwa na watafiti. Adui aliacha maandishi, na aliyepigana naye akaacha ngoma.

Kifo cha kuuawa huacha pia kitu kingine ambacho taifa hukipenda, nacho ni mwili wa kudai. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles mwaka 1919. Gavana Edward Twining alilirudisha Kalenga mwaka 1954, na leo lina makumbusho yake. Wanandi wamedai kichwa cha Koitalel kwa vizazi, na fimbo zake za utawala zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006. Kaburi la Kimathi ndani ya Kamiti halijaonyeshwa familia yake, na mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki mwaka 2023 akiwa bado anaomba mifupa. Dai la namna hii halizeeki. Kila serikali mpya hulipokea, kila mwandishi wa habari huliandika upya, na shujaa anabaki katika mazungumzo ya nchi hata kwa watu wasiojua alipigania nini hasa. Mekatilili hana dai hilo. Mwili wake haukupotea, kichwa chake hakikuvuka bahari, na waliomzika wanajua walipomzika.

Hata siku ya kumkumbuka imebidi itafutwe. Kimathi ana 18 Februari, na sanamu yake ya Nairobi ilizinduliwa tarehe hiyohiyo mwaka 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Sherehe za Mekatilili huwa mwezi wa Agosti, mwezi wa kuku na mwezi wa vita. Wagiriama wamechagua kuadhimisha alichofanya badala ya alichofanyiwa. Pengine hawakuchagua, kwa kuwa hapakuwa na tarehe nyingine, ila matokeo ni yaleyale: ukiuliza Ganze utaambiwa juu ya mwanamke anayetembea, anayecheza, anayesema na anayetoroka.

Upo mfano wa mwanamke anayekumbukwa kwa alichofanyiwa, mbali kidogo na pwani. Nehanda wa Washona, Zimbabwe, alinyongwa Salisbury tarehe 27 Aprili 1898. Unabii unaohusishwa na saa zake za mwisho, kwamba mifupa yake itafufuka, ukawa chakula cha wapiganaji wa miaka ya 1970, na sanamu yake ikasimamishwa katikati ya Harare mwaka 2021. Picha yake inayojulikana ni ya mfungwa. Kila anayemtazama anamtazama akiwa karibu kufa, na miaka yake ya kabla ya hapo imefunikwa na kitanzi.

Haifai kudhani, hata hivyo, kwamba kufia kitandani humpa kiongozi kumbukumbu njema. Kwa kawaida humsahaulisha. Mbaruk bin Rashid wa Wamazrui aliwasumbua Waingereza pwani hii hii mwaka 1895 na 1896, na kulikuwa na Wagiriama waliomsaidia kwa chakula na maficho. Alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, akafia uhamishoni Dar es Salaam. Wangapi Kilifi leo wanamsimulia? Bwana Heri wa Saadani alipigana na Wajerumani wakati mmoja na Abushiri, akapatana nao, akaasi tena, mwisho akaishia Unguja. Abushiri yumo katika kila kitabu cha shule cha Tanzania, Bwana Heri hutajwa kwa sentensi moja. Muhumuza, aliyeongoza wafuasi wa ibada ya Nyabingi huko Kigezi, Uganda, alikamatwa mwaka 1911 na kuwekwa kizuizini Kampala hadi alipokufa mwaka 1945. Kwa miaka 34 alikuwa hai na hakuna aliyeruhusiwa kumsikia. Hiyo ndiyo adhabu iliyofanikiwa kuliko kitanzi, na Waingereza walijaribu kumpa Mekatilili adhabu hiyohiyo walipompeleka Kisii.

Kilichomwokoa Mekatilili na usahaulifu ni kwamba alirudi. Alifia ndani ya kaya na ukoo, mahali penye watu wenye kazi ya kukumbuka. Kati ya Vitengeni na Jilore, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kazi hiyo bado inaonekana katika maboma. Vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa nakshi za pembetatu, husimamishwa kwa ajili ya wanaume wa chama cha Gohu waliofariki, mara nyingi baada ya koma, yaani roho ya marehemu, kumtokea jamaa ndotoni na kudai nguzo yake. Familia haiulizi kwanza kama marehemu alikufa kishujaa. Inauliza kama ametulia. Baadhi ya nguzo hizi sasa zimezungushiwa vyuma au saruji kwa sababu wezi waliziuza kwa wakusanyaji wa sanaa wa ng'ambo. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine vimefuata. Mekatilili, kwa kuwa mwanamke, hakuwa wa Gohu. Lakini aliingia katika utaratibu huo wa wafu wanaoendelea kuwa na haki zao, ambao hauhitaji mnyongaji ili uanze kufanya kazi.

Kumbukumbu nayo huweza kubadilisha kifo. Waiyaki wa Hinga wa Wakikuyu alifariki Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani akiwa mateka. Wengi Kenya wanaamini alizikwa hai, kichwa chini, na imani hiyo ilizaa siasa kubwa kuliko ambavyo hati yoyote ingeweza. Watu walihisi kwamba mtu wa uzito ule hawezi kufa njiani hivihivi. Kwa Mekatilili shinikizo hilo limeelekea kwingine. Kifo chake kimeachwa kama kilivyo, na yaliyokuzwa ni maisha. Safari ya kutoka Kisii inazidi kuwa ndefu kila inaposimuliwa, na kofi linazidi kuwa zito.

Kilichopunguzwa ni ile miaka mitano ya mwisho. Mwanamke aliyelisha watu kiapo cha kutomtii mzungu alirudi kukaa katika kaya ambayo mzungu alikuwa ameiruhusu ifunguliwe, chini ya serikali ambayo bado ilitoza kodi. Wapo wanaoliona hilo kama ushindi, maana serikali ndiyo iliyolegea. Wengine wangeweza kuliona kama mapatano. Yote mawili yana ukweli, na kwa maoni yangu hapa ndipo alipo Mekatilili wa kuvutia kuliko wote, mzee anayejua kilichowezekana na kisichowezekana. Waliouawa hawakupewa nafasi ya kuwa na miaka kama hiyo. Hakuna ajuaye Kinjeketile angefanya nini mwaka 1910, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. Wapanga sherehe hukwepa miaka ya 1919 hadi 1924 kwa sababu haina kuku wala baruti.

Bungale iko kaskazini ya Sabaki. Kutoka Malindi unavuka daraja, unaiacha Mambrui upande wa bahari, unafuata njia ya Marafa na kuendelea bara hadi kwenye misitu ya Dakatcha. Anayeifika kwa njia hiyo anavuka mto uleule uliofanywa mpaka mwaka 1914. Ardhi alikozikwa Mekatilili ni ile Wagiriama waliyoamriwa kuihama, na kaburi lake limo ndani yake. Wanasiasa wa Kilifi, ambako mambo ya mashamba na hati miliki hayajatulia hadi leo, wanalielewa jambo hilo vizuri. Kaburi la mtu aliyefia kwake ni ushahidi wa umiliki. Kaburi la Kamiti ni ushahidi wa jinai. Dola huweza kuomba radhi kwa la pili na kuendelea na shughuli zake, lakini la kwanza linamtaka mtu aeleze shamba ni la nani.

Serikali ya Kenya ilichelewa kumpokea. Kwa miongo minne baada ya uhuru historia ya kitaifa ilijengwa kuzunguka Mlima Kenya na kesi za miaka ya 1950, na hata huko Mau Mau haikuhalalishwa hadi mwaka 2003. Katiba ya mwaka 2010 ilipoigeuza Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa, mlango ulifunguka. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo sanamu ya Mekatilili ilizinduliwa Malindi, na bustani iliyoitwa Uhuru Gardens ikapewa jina lake. Chama cha utamaduni cha Malindi kilikuwa kimekwisha kufanya kazi ya miaka mingi kabla ya hapo, na kila Agosti wanawake waliovaa hando na wazee wa kaya huipeleka kumbukumbu hiyo barabarani kwa kifudu. Mwaka 2020 hata Google ilimweka katika ukurasa wake wa mbele kwa siku moja. Kuchelewa huko kulitokana kwa sehemu na kifo chake. Taifa jipya lilitafuta wafia nchi, naye hakuwa mmoja wao. Wakati ulipofika wa kutafuta wanawake, na kutafuta pwani, alikuwa tayari ametunzwa.

Wanje wa Mwadorikola alitembea safari ileile kutoka Kisii, akahamishwa mara zilezile, akarudi mwaka uleule, akaongoza baraza la wanaume katika kaya ileile. Hana bustani. Vijana wa Kigiriama waliouawa na askari mwaka 1914, na wale waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita wasirudi, walikufa vifo ambavyo kwa kipimo cha taifa vilistahili kumbukumbu kuliko kile cha Mekatilili. Majina yao hayamo katika bustani ya Malindi, na soko la Bamba halijapewa hata moja.